Ongeza Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini niliketi kwenye kizingiti cha ofisi iliyofungwa, nikitetemeka kama jani, ndani ya shati la mikono mifupi. Ilikuwa mwezi wa sita, na anayeijua Ufipa ya mwezi wa sita anajua kwamba shati la mikono mifupi si vazi, ni adhabu. Jioni iliyotangulia Mkuu wa Kituo aliniambia, "Kesho kuna kipimo cha sifuri sita. Usichelewe." Mimi, kijana wa kidato cha nne mwenye saa ya mkononi ya kuazima, nikajua sifuri sita ni saa kumi na mbili alfajiri. Nikafika gizani. Mlinzi akaniuliza kama nimefukuzwa nyumbani.

Mkuu alitokea jua likiwa limekwisha kuchomoza na kupanda, chupa ya chai mkononi, hana haraka yoyote.

"Wewe umelala hapa?"

"Hapana, mzee. Shikamoo. Nimekuja kwa kipimo cha sita."

"Marahaba. Sita ya wapi?"

Sikujua kwamba sita zina kwao. Akanimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa, akaningoja ninywe, ndipo akasema: "Sita ya Greenwich, kijana. Sisi hapa ongeza tatu. Kipimo cha sita ni saa tatu asubuhi. Kipimo cha kumi na mbili ni saa tisa alasiri. Ukisahau mengine yote niliyokwambia jana, hilo usilisahau. Ongeza tatu."

Sikulisahau. Kwa bahati mbaya, sikulisahau hata siku ambayo ilinipasa kulisahau. Lakini hayo yana mahali pake, kwanza niwaeleze kazi yenyewe, maana ninyi mnaotazama hali ya hewa kwenye simu mnadhani mvua hujiripoti.

Nilikuwa mpimaji wa hali ya hewa hapa Sumbawanga. Ofisi ilikuwa chumba kimoja, na uwanja wenye majani yaliyokatwa vizuri kuliko kichwa changu. Katikati ya uwanja kulikuwa na kisanduku cheupe chenye miguu mirefu na kuta za mbao za kupishana kama dirisha la kizamani. Humo ndani vilikaa vipimajoto, kimoja kikavu na kimoja kilichovishwa kitambaa kibichi. Tofauti ya hivyo viwili ndiyo inayokwambia hewa imebeba unyevu kiasi gani. Pembeni kulikuwa na kipimamvua, mkebe wa shaba uliozikwa nusu, na juu ya nguzo ya saruji kulikuwa na tufe la kioo. Hilo tufe tutalirudia, lilikuwa karibu kunikosesha kazi.

Kazi ilikuwa kusoma vyombo hivyo kwa wakati mmoja na wapimaji wa dunia nzima. Hapo ndipo Greenwich inapoingia. Mkuu alinifafanulia siku ileile, huku akinionyesha ramani ukutani.

"Ukitaka kupiga picha ya ukoo," alisema, "unawaambia wote watulie mara moja. Huwezi kumpiga babu asubuhi na shangazi jioni ukasema ni picha moja. Na hali ya hewa ni hivyohivyo. Tunapoangalia vipimajoto saa tatu hii, mwenzetu wa Japani anafanya hivyo saa tisa alasiri, wa Brazili ametolewa kitandani usiku wa manane. Kila mmoja ana saa yake ukutani, lakini kwenye ripoti tunaandika saa moja. Ndiyo hiyo ya Greenwich. Haina masika, haina kiangazi. Haihami."

Kisha tukatuma kwa redio, makundi ya tarakimu tano tano, mpaka Dar es Salaam. Nilitamka tarakimu kwa sauti kubwa kana kwamba Dar wananisikia kwa upepo. Nilijiona mtu mkubwa sana. Mama yangu aliwaambia jirani zetu kwamba mwanawe anaongea na Wajapani.

Sasa lile tufe. Ni mpira wa kioo kitupu, ukubwa wa boga dogo. Nyuma yake unaweka kipande cha karatasi ngumu. Jua likiwaka, tufe linakusanya miali na kuunguza mstari kwenye karatasi, jua likienda na mstari unakwenda. Jioni unatoa karatasi na kupima mstari, unajua jua limewaka kwa muda gani. Katikati ya karatasi kuna alama ya adhuhuri, pale jua linapokuwa juu kabisa.

Nilipoachwa peke yangu kituoni kwa mara ya kwanza, Mkuu akiwa likizo, niligundua jambo la kutisha. Saa ya ukutani ilisema saa sita kamili mchana, lakini mstari ulikuwa bado haujafika kwenye alama ya adhuhuri. Ulifika karibu na saa saba. Nikangoja siku ya pili, vilevile. Nikaona chombo kimelegea. Nikachukua spana, nikakizungusha mpaka jua na saa ya ukutani vikapatana. Nililala usingizi mzuri sana usiku ule.

Mkaguzi wa Kanda alipokuja, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, alitazama karatasi za mwezi ule moja baada ya nyingine. Akatoka uwanjani, akainama kwenye nguzo. Akarudi.

"Nani amelisogeza jua?" akauliza.

Nikasema ni mimi.

Hakupiga kelele. Aliniketisha chini, akachukua chungwa kutoka kwenye mfuko wake wa safari, akalichora kwa kalamu. Dunia ni mviringo, akasema, unaugawa kwa nyuzi mia tatu na sitini, nayo inajizungusha mara moja kwa saa ishirini na nne. Gawanya. Ni nyuzi kumi na tano kwa kila saa. Kwa hiyo kila ukienda nyuzi kumi na tano kuelekea mashariki, jua linakutangulia kwa saa moja. Ingekuwa kila mji unafuata jua lake, Dar na Sumbawanga wasingepatana hata kwenye simu, maana jua la Dar linatangulia la kwetu kwa kama nusu saa. Ndiyo maana nchi zikakubaliana kukata dunia vipande kama chungwa, na kila kipande kiwe na saa moja.

"Saa ya Tanzania imekatwa kwenye mstari ambao haupiti hata Tanzania," alisema. "Unapita huko Somalia na Madagaska. Ninyi wa Ufipa mko mbali nao sana. Kwa jua mngekuwa kipande kimoja na Zambia. Kwa serikali mko na Dar. Kwa hiyo hapa saa inalitangulia jua kwa karibu saa nzima, na ndivyo inavyotakiwa iwe. Tufe lilikuwa linasema kweli."

Akalimenya lile chungwa, akanipa nusu. Nilidhani nimesamehewa. Kumbe katika ripoti yake alipendekeza nipelekwe Kipili, kwenye ziwa, "akapate uzoefu".

Niseme wazi kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Wapo watu wanaofurahia kusafiri, mke wangu ni mmoja wao. Mimi nikitoka nje ya mji naanza kuota ugali wa ulezi. Kipili nilikaa muda ambao kwa wengine ni mfupi na kwangu ulikuwa utawala mzima wa mfalme. Joto, samaki, mbu, tena samaki. Lakini pale ndipo nilipoyaona kwa macho yale aliyoyasema Mkaguzi.

Mwenye nyumba wangu, mama mmoja muuza dagaa, alikuwa na mteja wake wa Kongo, anavuka na mashua. Walipatana saa nne. Mama akafika saa nne, mgeni hayupo. Mgeni akafika saa tano kwa saa yetu, ametulia, anacheka.

"Umenichelewesha!" mama akafoka. "Samaki wananioza!"

"Mimi? Tazama," yule bwana akasema, akamwonyesha saa yake. Saa nne kamili.

Wote wawili wakanigeukia mimi, kwa kuwa ndiye mtu wa serikali. Nikawaeleza kwamba ng'ambo ile wanafuata kipande kinachofuata, saa moja nyuma yetu, kwamba wote wako sawa, na kwamba jua wala haliwajui. Mama akanionyesha kapu lake. "Kama wote tuko sawa," akasema, "dagaa wangu wanaoza kwa saa ya nani?"

Nilirudishwa Sumbawanga baada ya Mkuu wa Kituo kuniombea, nikakaa mpaka nilipostaafu. Nilitumwa mara kwa mara Matai na Milepa kukagua vipimamvua vya mashuleni, lakini siku ileile jioni nilikuwa nyumbani, na hiyo ndiyo ilikuwa furaha ya safari. Wakuu walikuja na kuondoka. Mmoja alipenda maua, tukapanda maua mpaka yakazuia upepo, tukaamriwa kuyang'oa. Mwingine alikuwa anaamini mvua ya saa tatu asubuhi iandikwe ya leo, na kila asubuhi tulibishana, maana kanuni ni kwamba maji unayoyakuta kwenye mkebe saa tatu ni mvua ya jana. Mkuu wa mwisho alikuwa dada kijana, mpole, ambaye alikuja na mashine inayojisoma yenyewe na kujituma yenyewe. Aliniaga kwa heshima, akasema, "Mzee, umetufundisha mengi." Mashine ilikuwa nyuma yake, inawaka taa ya kijani. Haikusema kitu.

Nilipostaafu nikawa saa ya mtaa. Bwana Salum wa duka la jumla, ambaye huagiza bidhaa China, alikuwa akinipigia: "Mzee, wale wameamka?" Namwambia China wanatutangulia saa tano, kwa hiyo saa mbili yako wao wako kwenye chakula cha mchana, usimpigie mtu mdomo umejaa. Nilimweleza kwamba China yote, kubwa ilivyo, inatumia saa moja, na wenzao wa Nepali wana dakika zao za ajabu ajabu ambazo si saa nzima wala nusu. Alipenda sana ya Nepali. Nami nilipenda kuulizwa. Mimi ni mtu ambaye hajawahi kuvuka mpaka wowote, anayeogopa hata kulala Mbeya, lakini dunia nzima iko kichwani mwake, imepangwa kama vikombe kabatini.

Ndivyo ilivyokuwa mpaka Mama Osward alipokuja kuniuliza.

Mama Osward ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mjane, na Osward ni mwanawe wa pekee. Yuko Uingereza, anatunza wazee kwenye nyumba moja huko. Alianza kuugua moyo. Madaktari walimwambia waziwazi kwamba bila upasuaji hana muda, na kwa upasuaji anaweza asiamke. Mama yake alilijua hilo. Alichotaka ni kitu kimoja tu. Kwao mtoto hatoki kwa safari ndefu bila mama kumtamkia maneno ya baraka, na Osward alipokwenda Ulaya aliyapata, akiwa amepiga magoti sebuleni, mimi nikiwapo. Sasa alikuwa anakwenda safari nyingine, na mama yake alitaka kumtamkia tena, kwa simu, kabla hajalazwa usingizi. Osward alimwandikia: "Naingia kesho saa tatu asubuhi. Nitakupigia kabla."

"Baba Kalista," akaniuliza, "saa tatu yao ni saa ngapi yetu? Nimwulize tena?"

"Usimsumbue mgonjwa," nikamwambia. "Huko ndiko kwenyewe Greenwich. Hiyo ndiyo saa niliyoitumikia miaka yangu yote ya kazi. Ongeza tatu. Ni saa sita mchana, hapa kwetu."

Asubuhi yake umeme wa kwake ulikuwa umekatika, akaleta simu ichajiwe kwangu. Alikuwa hana utulivu, anashika kiti, anakiacha. Nikamwambia, tena kwa upole kabisa, "Una muda wa kutosha, Mama Osward. Nenda kanisani ukasali rozari. Rudi saa tano na nusu, tutakaa hapa pamoja." Mama Osward akajifunga kitenge vizuri, akaenda.

Simu ikalia kabla sijamaliza chai.

"Mama?"

"Osward? Ni Baba Kalista. Mbona mapema?"

"Shikamoo, Baba. Si mapema, wananichukua sasa hivi. Mama yuko wapi?"

Nikatazama ukutani. Saa tano kasoro. "Huko saa ngapi?"

"Saa tatu kasoro. Mama yuko karibu?"

Tano kutoa tatu. Nilihesabu mara mbili, na mara zote mbili ikawa mbili. "Lakini ninyi mko Greenwich," nikasema.

"Kiangazi huku wanasogeza saa mbele, Baba. Nchi nzima. Mpaka karibu na baridi ndipo wanairudisha. Baba, nipe mama."

Kwa hiyo hata Greenwich wenyewe nusu ya mwaka hawaifuati saa ya Greenwich. Wameiacha kwa wapimaji na marubani, wao wameondoka kufuata jua. Haihami, Mkuu alisema, na kweli haihami. Mji ndio unahama. Na mimi, Mungu anisamehe, badala ya kumwambia kijana neno lolote la kumtia moyo, nikajikuta namweleza habari za Greenwich. Alinisikiliza. Ana adabu yule mtoto. Nyuma yake nikasikia mwanamke akimwita kwa jina.

"Mwambie mama nimempigia," akasema. Ikakata.

Nilikwenda kanisani kwa miguu hii, nikikimbia pale ninapoweza. Alikuwa amepiga magoti benchi la mbele, peke yake. Nilipiga magoti pembeni yake na kumwambia yote, sikuficha, wala sikueleza habari za nyuzi kumi na tano. Hakunitazama. Alinyoosha mkono, nikampa simu.

"Pale pa kurekodi sauti," akasema. "Nibonyezee."

Nikabonyeza. Akaishika mbele ya mdomo wake kwa mikono miwili.

"Osward, mwanangu. Ni mama. Wamekuchukua sijasema, nasema sasa. Nenda ulale, uamke. Jina ulilobeba ni la babu yako, na babu yako aliamka kila siku akaenda shamba mpaka Mungu mwenyewe alipomwambia basi. Wewe hujaambiwa. Uamke. Mama yako yuko hapa."

Akaachia kidole. Ujumbe ukaenda, ukasimama na tiki moja. Simu ya Osward ilikuwa imezimwa. Akaiweka kwenye benchi, akarudi kwenye rozari yake, na mimi nikatoka nje kwa sababu sikuwa na haki ya kukaa pale.

Jioni mwenzake Osward wa kazini alipiga kusema upasuaji umekwisha, lakini hajaamka. Mke wangu akaenda kulala kwa Mama Osward. Mimi nilibaki nyumbani, mahali ambapo siku zote nimependa kuwa, na kwa mara ya kwanza nyumba ilinichukia.

Niliwaza sana kazi yangu. Nilikuwa nimesoma vipimajoto kwa uaminifu, hata siku nilizoumwa. Nilituma tarakimu sahihi. Lakini saa niliyoifahamu ilikuwa ya ramani, ya picha ya ukoo ambamo wote wametulia. Watu hawatulii. Kila nchi inaishika saa yake kama inavyopenda, inaisogeza mbele, inairudisha nyuma, na mwenye kuijua ni yule aliyeko huko, anayetazama ukuta wake. Ningemwacha Mama Osward amwulize mwanawe, angejibiwa kwa maneno matatu. Ninyi vijana mtakaofanya kazi hii, au kazi yoyote yenye kanuni nzuri, hilo ndilo nililobaki nalo. Muulizeni aliyeko huko.

Kesho yake mchana Mama Osward alikuja kwetu na simu. Aliketi kwenye kiti kilekile alichokuwa akikishika na kukiacha, akaiweka mezani mbele yake. Tiki moja. Mke wangu alileta chai, ikapoa. Kisha tiki zikawa mbili, na baada ya muda zikawa za bluu. Mtu alikuwa anamsikiliza. Mama Osward akashika ukingo wa meza.

Simu ikalia.

"Mama," sauti ikasema, kavu na nzito kama ya mtu aliyetoka kisimani. "Nimeamka. Nimesikia."

Alilia kwa muda mrefu, na Osward upande wa pili akangoja. Waliongea kidogo, maana kijana alichoka upesi. Akakata. Mama Osward akajifuta uso kwa pembe ya kitenge, akaichukua simu, akasimama. Nikasimama na mimi. Nilikuwa nimejiandaa tangu usiku. "Mama Osward," nikaanza, "nataka ujue kwamba kwa kawaida, wakati wa baridi, saa ya kule..."

Aliniinulia kiganja.

"Baba Kalista," akasema, "siku nyingine nikikuuliza saa, sema hujui."